Wanasema hawaangalii nguo, kumbe wameshaziangalia kabla hujakaa

Ukiuliza uvae nini siku ya intavyuu utapewa ushauri mpaka uchanganyikiwe. Mmoja atakwambia suti nyeusi na tai, hata kama kazi yenyewe ni ya kuvuta nyaya juu ya dari. Mwingine atakwambia mambo ya suti yameshapitwa, nenda na jinzi yako safi na raba, kampuni za siku hizi hazitaki mtu aliyejikaza. Wa tatu, na huyu ndo ananikera kuliko wote, atakwambia kwa upole kabisa kwamba wewe vaa chochote unachojisikia, watu wenye akili wanaangalia kichwa hawaangalii nguo. Mchunguze vizuri huyu wa tatu, mara nyingi ana kazi yake tayari na wala haombi kitu kwa mtu.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Nguo zinaangaliwa, zinaangaliwa mapema kuliko tunavyodhani, na wengi wanaoangalia wala hawajui kama wameangalia. Ila tatizo kubwa la nguo za usaili siyo urembo, na siyo hela peke yake, ni taarifa. Kuna mtu anajua ofisi fulani watu wanavaaje kwa sababu shangazi yake anafanya humo, na kuna mtu anakisia tu usiku kucha mbele ya kioo, halafu paneli, yaani wale wanaohoji, inakuja kuwapima wote wawili kana kwamba wameanzia mstari mmoja.

Hilo la kwamba zinaangaliwa sitaki nilipite haraka kwa sababu wengi hawaliamini. Kuna watafiti watatu, DongWon Oh, Eldar Shafir na Alexander Todorov, walikuwa chuo cha Princeton, utafiti wao ukatoka kwenye jarida la Nature Human Behaviour mwaka 2020. Walichukua picha za sura za watu, sura ileile wakaivalisha nguo ya juu inayoonekana ya mtu mwenye nazo kidogo, na mara nyingine nguo inayoonekana ya mtu asiye nazo, wakawauliza watu huyu anaonekana ana uwezo kiasi gani. Sura ileile, lakini ikiwa na nguo nzuri kidogo inapewa alama za juu. Na picha nyingine zilionyeshwa kwa milisekunde 129 tu, yaani kama moja ya nane ya sekunde, hata kope hujamaliza kupepesa. Sasa kilichonishtua mimi siyo hicho. Waliwaambia watu wazi wazi kwamba nguo hazina uhusiano wowote na uwezo, msiziangalie, wengine wakaahidiwa hadi zawadi wakipatia, na bado nguo iliendelea kuwavuta. Kwa hiyo bosi anayekwambia "mimi siangaliagi nguo" huenda hadanganyi, anaamini kabisa anachosema, ila macho yake hayakumuomba ruhusa.

Kuna mtu atasema hizo ni picha, intavyuu ni nusu saa au saa nzima, utaongea, utajieleza, watakujua. Ni kweli, na ndo maana sisemi nguo inakupa kazi. Lakini wazo la kwanza likishakaa kichwani halikai peke yake, linaanza kutafsiri yanayofuata. Edward Thorndike aliliandika hili mwaka 1920 alipoangalia namna maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao, akakuta ofisa akimuona askari ana umbo zuri basi anampa alama nzuri na kwenye akili, na kwenye uongozi, na kwenye tabia, vitu ambavyo havina sababu ya kwenda pamoja kiasi kile. Ukilileta kwenye chumba cha usaili linakuwa hivi: mtu aliyeingia nadhifu akisita kujibu swali wataona anafikiri, mtu aliyeingia amekunjamana akisita kujibu swali lilelile wataona hajui. Kusita ni kulekule.

Sasa hapa ndo watu wanachukua hatua mbaya. Wakisikia nguo zina nguvu wanakimbilia kutokelezea, wanataka wang'ae, mtu anatupia suti inayometameta na saa kubwa na manukato yanayofika chumbani dakika mbili kabla yake. Nguvu ya nguo kwenye usaili ni ya upande mmoja zaidi, inakutoa kwenye hesabu kirahisi kuliko inavyokuingiza. Hakuna paneli inayorudi nyuma kusema tumchukue huyu koti lake lilikuwa kali. Ila ipo paneli inayosema "sijui, kuna kitu hakijakaa sawa" na ukiwauliza ni kitu gani hawakuambii kwa sababu hata wenyewe hawakijui vizuri. Hiyo ndo unayopambana nayo, ile sijui.

Halafu wanakuletea mfano wa Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, bilionea aliyejulikana kwa kuvaa tisheti ya kijivu kila siku. Sawa, tumuangalie huyohuyo. Mwaka 2012 kampuni yake inakaribia kuingia soko la hisa alienda kukutana na wawekezaji New York amevaa hudi, wachambuzi wengine wakalalamika, na haikumfanya kitu kwa sababu wawekezaji walikuwa wanamhitaji yeye. Aprili 2018 akaitwa mbele ya bunge la Marekani kuhojiwa juu ya data za watu, akatokea na suti ya rangi iliyokolea na tai, siku zote mbili. Mtu yuleyule. Hudi ilikuwa nguo ya mtu anayeombwa, suti ilikuwa nguo ya mtu anayehojiwa. Wewe siku ya intavyuu jiulize kwa ukweli tu, uko upande upi wa meza. Kama ni fundi ambaye kampuni tatu zinakugombania, vaa hudi yako nani atakuzuia, ila wengi wetu hatujafika huko, na ushauri wa kuvaa kienyeji unatoka sana kwa waliofika.

Na hii biashara ya ofisi kulegeza mavazi, ambayo watu wanaisifia kama ukombozi, kwa anayeomba kazi imeongeza ugumu. Zamani ilikuwa rahisi ingawa ilikera. IBM, kampuni ya kompyuta, kwa miaka mingi walijulikana kwa suti ya rangi iliyokolea na shati jeupe, wakaja kulegeza mwaka 1995, na hata Goldman Sachs, benki ambayo ungetegemea iwe ya mwisho duniani, ililegeza 2019 ikawaambia watu watumie busara yao. General Motors, watengeneza magari, ndo walikwenda mbali kabisa, Mary Barra alipokuwa anasimamia rasilimali watu alichukua sera ya mavazi ya kurasa kumi akaifupisha kuwa maneno mawili, kwamba vaa inavyofaa. Inapendeza kuisikia. Lakini yeye mwenyewe alishasimulia kwamba mmoja wa viongozi alilalamika, kwenye timu yake kuna watu wanaweza kuitwa ghafla kukutana na watu wa serikali wakiwa na jinzi, wakakaa wakaongea wakakubaliana hao wachache waweke suruali za heshima kwenye makabati yao ya kazini. Umeona hapo? Waliomo ndani wana wa kuongea naye, wana kabati, wana jana ya kujifunzia. Wewe uliye nje umepewa yale maneno mawili tu, inavyofaa, kumfaa nani hujui.

Sheria iliyoandikwa hata mgeni anaisoma. Ikishageuka busara inabaki kwa wenyeji.

Kesi inayoonyesha hili kuliko zote ni ya Samantha Elauf. Mwaka 2008, akiwa na miaka 17, aliomba kazi duka la Abercrombie & Fitch huko Tulsa, Oklahoma. Akaenda kwenye usaili amejifunga hijabu. Kampuni ilikuwa na sera ya muonekano iliyokataza wafanyakazi kuvaa kofia, na hijabu ikaja kuhesabiwa humohumo, lakini kwenye usaili hakuna aliyemwambia kuna sheria hiyo wala kumuuliza kama hijabu ni ya dini. Aliyemhoji alimuona anafaa, akaenda kuuliza kwa mkubwa wake, alama za muonekano zikashushwa, kazi ikaota mbawa. Shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na mwaka 2015 majaji 8 kwa 1 wakakubaliana na upande wake. Wengi wanaikumbuka kama kesi ya dini, na ndivyo ilivyo kisheria. Mimi naiona pia ni kesi ya mtihani ambao mtahiniwa hakuonyeshwa swali, na yeye alibahatika kuna mtu alimnong'oneza sababu ya kukosa. Wengi hawanong'onezwi.

Kwa hiyo nini kifanyike na huyu aliyeitwa kwenye usaili siku ya Jumanne saa tatu asubuhi? Jambo la kwanza ni lile ambalo watu wanaona aibu kulifanya, uliza. Aliyekupigia simu au kukuandikia kukuita, mrudishie ujumbe mfupi, asante kwa mwaliko, naomba kujua watu hapo ofisini huwa wanavaaje siku za kawaida ili nijiandae ipasavyo. Hakuna mtu wa HR, yaani rasilimali watu, mwenye akili timamu atakayekata jina kwa swali hilo, na akilikata basi umeokoka. Angalia neno siku za kawaida, usimuulize "nivae nini kwenye usaili" maana atakujibu "vaa smati" na hapo mmerudi mlipoanzia. Ukishajua siku za kawaida wanavaaje unapanda ngazi moja. Wao wanavaa tisheti na jinzi, wewe nenda na shati lenye kola au blauzi na suruali ya kitambaa. Wao wanavaa mashati, wewe ongeza koti. Wao wanavaa koti na tai, basi na wewe hivyohivyo, hapo hakuna ngazi ya juu iliyobaki, ukiongeza utaonekana bwana harusi.

Kama hawajajibu, tumia macho. Picha za ofisi mtandaoni ziangalie ila usiziamini zote, zile za kwenye tovuti zimepangwa na mpiga picha, bora zile za wafanyakazi wenyewe, za sherehe ya kumuaga mtu au mafunzo, ambako hakuna aliyejiandaa sana. Na kama unaweza kupita nje ya jengo asubuhi watu wakiwa wanaingia, pita. Kazi za mikono nazo zina utaratibu wake na wengi wanaukosea, mtu anaenda kuomba kazi ya karakana au jikoni au eneo la ujenzi na viatu vya ngozi laini, wakimwambia hebu twende tukuonyeshe kazi au uijaribu kidogo, hawezi hata kukanyaga. Kule nadhifu maana yake ni nguo safi isiyoning'inia, kiatu kigumu kilichofunika vidole, kucha fupi, nywele zimefungwa. Anayekuhoji anapiga hesabu kama ukianza kesho utajiumiza.

Sasa kwenye nguo yenyewe, hapa nitakaa kidogo maana ndo kuna siri ndogondogo ambazo ukiwa hukukulia kwenye nyumba yenye makoti hakuna anayekwambia. Koti jipya likitoka dukani mara nyingi mpasuo wa nyuma umeshonwa kwa uzi wa alama ya X, na mifuko imefungwa kwa nyuzi, na kwenye mkono kuna kitambaa kidogo chenye jina la kampuni. Vyote hivyo si mapambo, vinawekwa ili koti lisiharibike umbo kwenye usafiri na ili muuzaji alitambue kwenye hanga, unatakiwa uvikate kabla hujavaa. Nenda ukumbi wowote wenye suti nyingi utawaona watu wanatembea na ile X mgongoni na jina la kampuni mkononi, na hakuna rafiki aliyethubutu kuwaambia. Kifungo cha chini kabisa cha koti hakifungwi, ukisimama unafunga cha juu, ukikaa unakifungua, la sivyo koti linapanda mpaka shingoni na unaonekana umezama ndani ya nguo. Kwa nini cha chini hakifungwi wala usiniulize, ni mazoea tu, hayana faida yoyote kwa binadamu, lakini ndo aina ya kitu ambacho anayekijua akikuona umekosea anakuweka kwenye fungu lingine kimyakimya.

Hela nayo tuiseme. Suti ghali isiyokukaa inashindwa na ya mtumba iliyopita kwa fundi, hilo halina ubishi. Ukichagua koti la mtumba anza na mabega, mshono wa bega uishie pale bega lako linapoishia, kwa sababu kubana kiuno fundi anafanya kirahisi, kufupisha suruali kazi ndogo, hata mikono inawezekana, lakini kubomoa mabega ni kama kulishona koti upya na fundi wengi watakukatalia au watakuharibia. Rangi mbili zinatosha maisha yote ya kuomba kazi, bluu iliyokolea na kijivu kilichokolea, hazimuudhi mtu na zinakubaliana na viatu karibu vyote. Nyeusi tii siyo kosa ila inaonyesha kila unyoya na kila nyuzi, na ikianza kupauka inapauka vibaya. Kuazima ruhsa, tena sana, mradi uijaribu siku kabla na usiazime kiatu. Kiatu cha mtu mwingine kitakubadilishia mwendo na uso pia.

Jasho. Hakuna anayetaka kuliongelea na ndo linaumbua wengi. Shati la kijivu chepesi au bluu mpauko linaonyesha doa la jasho kuliko rangi zote, jeupe na zilizokolea sana zinaficha. Poliesta inakaa bila mikunjo hiyo ni sifa yake, ila joto linabaki ndani na harufu inaishika kuliko pamba. Pamba inapumua lakini inataka pasi. Kitani kizuri, kinapumua kuliko vyote, ila ukishakaa kwenye usafiri nusu saa utashuka umekunjamana kila mahali. Suluhisho la wengi waliokwishapitia ni la kizamani tu, safiri na fulana ya ndani, shati likiwa kwenye hanga au limekunjwa vizuri kwenye begi, fika mapema, tafuta choo, badilisha, nawa uso, tulia.

Halafu jaribio ambalo mimi naliona muhimu kuliko kioo. Kioo kinakuonyesha ukiwa umesimama, na intavyuu karibu yote utakuwa umekaa. Vaa kila kitu pamoja na viatu, kaa kwenye kiti kigumu robo saa, jibu maswali kwa sauti, nyoosha mkono kama unamsalimia mtu upande wa pili wa meza, inama uokote kalamu. Sketi inapanda? Kifungo cha tumboni kinatanuka? Unaivuta shati kila baada ya sentensi? Hicho cha kuvuta ndo kinachoua, kwa sababu mkono wako ukiwa unahangaika na nguo kichwa chako nacho kimegawanyika, na anayekuangalia anaona mtu asiyetulia wala hajui ni shati. Ukikosa utulivu kwenye nguo hiyo nyumbani peke yako, iache hata kama ndo nzuri kuliko zote.

Wa usaili wa kwenye video msidhani mmepona kwa sababu mnaonekana kifua tu. Mistari myembamba na vidraftidrafti vidogo vinachezacheza kwenye kamera mpaka anayeangalia macho yanamuuma, na nguo ya rangi moja na ukuta wa nyuma inakufanya uwe kichwa kinachoelea. Na vaa suruali jamani. Kuna siku utahitaji kusimama kufunga dirisha.

Kuna hadithi inayopendwa kwamba ukivaa vizuri unakuwa na akili zaidi, wanataja utafiti wa Hajo Adam na Adam Galinsky wa 2012, watu waliovaa koti jeupe wakiambiwa ni la daktari walifanya vizuri zaidi kwenye mitihani ya umakini kuliko walioambiwa koti lilelile ni la mchoraji. Ni utafiti mzuri kuusimulia ila waliokuja kuurudia moja ya majaribio yake mwaka 2019 na watu wengi zaidi hawakupata kitu. Kwa hiyo nisingemwambia mtu akope hela ya suti kwa kutegemea itamuongezea ubongo. Kujiamini kunaweza kuja kwa sababu huna wasiwasi na nguo, hilo naliamini, na halihitaji koti la daktari.

Mpaka hapa nimeongea kama vile wanawake na wanaume wanapewa mtihani mmoja, na si kweli. Mwanaume akivaa suti ya bluu amemaliza. Mwanamke ana maswali kumi kabla hajatoka, sketi au suruali, urefu upi, kisigino au bapa, nywele hivi au vile, vipodozi kiasi gani, na kila jibu lina anayelisubiri. Sandra Forsythe alichapisha utafiti mwaka 1990, aliwaonyesha watu wa makampuni wanaoajiri video za wanawake wanaohojiwa kwa nafasi ya umeneja, akakuta mavazi yenye mkato wa kiume zaidi yaliwafanya wapendekezwe zaidi kuajiriwa. Basi mwanamke angesema sawa navaa hivyo. Lakini Ann Hopkins, aliyekuwa anagombea kuwa mbia kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Price Waterhouse, alikwama na akashauriwa atembee kike zaidi, avae kike zaidi, ajipake vipodozi, atengeneze nywele na avae mapambo. Kesi ikafika Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani na mwaka 1989 mahakama ikakubali kwamba kumhukumu mtu kwa sababu hafanani na picha ya mwanamke iliyo vichwani mwenu ni ubaguzi. Ukikaa na hivi viwili pamoja unaona mtego ulivyo, kuna sehemu atapunguziwa kwa kuwa kike sana na kuna sehemu atapunguziwa kwa kuwa si kike vya kutosha. Ushauri wa mitindo haulitatui hilo, kwa hiyo simpi. Nitasema tu kisigino usichoweza kutembelea usikivae kwa ajili ya mtu.

Mzigo mkubwa uko kwa waajiri na huko ndo sauti zinakuwa ndogo. Orkestra kubwa za Marekani kuanzia miaka ya 1970 zilianza kuweka pazia mwombaji asionekane wakati anapiga ala, na nyingine zikatandika zulia jukwaani ili sauti ya viatu isimtambulishe kama ni mwanamke au mwanaume. Hadi zulia! Watu walikubali kwamba sikio la jaji linaweza kuhongwa na kiatu wakalitafutia dawa badala ya kuapa kwamba wao hawabagui. Faida ya pazia kwa takwimu bado wanabishana, lakini moyo wa kukubali udhaifu ndo ninaoutaka. Ofisi nyingi haziwezi kuweka pazia, sawa, ila zinaweza kuuliza waombaji wote maswali yaleyale na kutoa alama kwa kila jibu palepale, kabla hawajaanza kupiga soga la "umemuonaje." Paul Sackett na wenzake kwenye uchambuzi wao wa 2022 waliukuta usaili wa namna hiyo, wenye mpangilio, ndo njia iliyoongoza katika kubashiri nani ataweza kazi. Soga la "umemuonaje" ndo mahali nguo inapopigia kura.

Na kama muonekano ni sehemu ya kazi kweli, yaani mapokezi, mauzo ya anasa, ndege, waseme. Waandike kwenye fomu ya alama kwamba muonekano una alama kadhaa kati ya kadhaa na vigezo vyake ni hivi, halafu mwombaji avijue kabla. Wakiona aibu kuviandika basi vina tatizo.

Kwa hao wengine ambao muonekano siyo kazi, barua ya kumuita mtu tayari inamwambia tarehe, saa, jengo, ghorofa, aje na vyeti halisi na kitambulisho. Ongezeni mstari: "Hapa kwetu wengi huvaa shati na suruali ya kawaida, huhitaji suti, na kama una vazi la dini au hali ya kiafya inayoathiri mavazi tujulishe tu, haitakupunguzia kitu." Anayeandika hizo barua akiwa na haraka anaweza hata kuunakili huo niliouandika hapa, simdai.